Kadi Aliyonichagulia Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na oda nimepata leo, zimekuja kwa mkupuo. Nilikuwa mlangoni pa karakana nasukuma maji nje kwa ufagio, simu ikalia. Mhasibu wa ile shule ya kilimani. Wanataka sare za kidato cha kwanza chote: mashati, sketi za marinda, suruali. Fundi wao wa zamani wamemwacha kwa sababu aliwapelekea suruali zenye miguu isiyolingana.

Nesi wa kliniki ya presha ndiye aliyenishauri niwe naandika kinachonikera badala ya kulala nacho. Daftari nimenunua. Leo sina cha kunikera ila kimoja: shule italipa ikishapokea mzigo. "Kuelekea mwisho wa muhula," mhasibu alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kununua jora la kitambaa maishani mwake.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu hufunga na kutengeneza pampu za maji, kwa hiyo msimu wa mvua ndio msimu wake wa kukaa nyumbani kushauri watu. Leo kanishauri mimi. "Dada yupo kitengo cha kadi pale benki. Kopa kwa kadi, nunua vitambaa, shule ikilipa na wewe unalipa. Unahangaika nini?"

Nilimwambia sipendi kuchanganya wifi na pesa. Akasema sipendi kitu chochote, hilo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi kaja. Viatu vya kisigino vimejaa tope mpaka kwenye kamba, lakini alikuwa na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Nikamhurumia. Nilimpa taulo na chai.

Akanipangia mezani picha za kadi tatu. Ya buluu, ya fedha, ya dhahabu. Mume wangu akavuta kiti akakaa upande wa dada yake, si upande wangu. Hilo nililiona ila sikulipa uzito.

Nilimweleza kila kitu. Nanunua majora sasa hivi. Silipwi mpaka muhula ukielekea ukingoni. Kwa hiyo deni nitalibeba, si la wiki moja. Sisafiri. Sinunui vitu kwenye simu. Nataka kitu chepesi cha kunivusha.

Alikuwa ameshika kalamu, ananisikiliza vizuri, mkono uko juu ya ile ya buluu. Halafu akamtazama kaka yake. Kaka yake akainua nyusi na kunywa chai. Mkono ukahamia kwenye dhahabu.

"Wifi yangu," akasema, "mtu mwenye karakana, mwenye oda ya shule nzima, anatembeaje na kadi ya buluu? Ile ni ya wanafunzi. Hii ina kikomo kikubwa, ina pointi, ina bima ya safari. Uwanja wa ndege unakaa chumba cha wageni wa heshima, chakula bure."

"Mimi uwanja wa ndege naenda kufanya nini?"

"Huwezi kujua Mungu anakupangia nini," akasema mume wangu.

Tukacheka wote watatu. Nikaweka sahihi. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: lile neno "mtu mwenye karakana" lilinipendeza. Nilijiona mtu.

Jumamosi, 16 Machi

Kadi imekuja. Inang'aa. Bi Vifungo, mama ninayeshona naye, kaigeuzageuza akauliza kama inaliwa.

Jumanne, 19 Machi

Mwenye duka la vitambaa anasema mashine yake ya kadi haifanyi kazi mvua ikinyesha. Nikamwuliza inahusiana nini na mvua. Akasema hajui, ila mvua ikinyesha haifanyi kazi. Akanionyesha mashine ya kutolea pesa ng'ambo ya barabara. "Toa pale, mama, uje unilipe taslimu, nami nakupunguzia kidogo."

Nikatoa. Pesa ya majora yote, ya uzi, ya vifungo, na ya malipo ya kwanza ya mashine ya kupiga matundu ya vifungo. Nikaona mambo yamenyooka. Nilirudi na majora juu ya mkokoteni uliofunikwa turubai, nikitembea kando yake kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi. Tumeshona kwa miguu kwenye ile cherehani ya zamani, kwa zamu.

Jumatano, 3 Aprili

Kola sabini. Mgongo.

Jumanne, 9 Aprili

Taarifa ya kadi imeingia kwenye simu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Kuna ada ya mwaka. Kuna ada ya kutoa pesa taslimu, nayo imetozwa kwa kila mara niliyotoa, na nilitoa mara nyingi kwa sababu mashine ilikuwa inatema kidogokidogo. Halafu kuna riba. Riba ya pesa taslimu ina mstari wake peke yake, ni kubwa kuliko ile ya kawaida, na imeanza kuhesabiwa tarehe ileile niliyosimama pale kwenye mvua nikijiona mjanja kwa sababu nimepunguziwa bei ya jora.

Chini kabisa wameandika nimepata pointi. Sifuri. Pesa taslimu haina pointi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepiga simu benki. Muziki. Sauti ya msichana ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha muziki tena. Nimeshona sketi mbili na nusu huku simu iko begani. Alipopatikana mtu, akaniambia maelezo yote yapo kwenye mkataba wangu, ukurasa wa tisa.

Nikampigia wifi.

"Wifi, kwani ulitoa taslimu?" akauliza, kana kwamba nimemwambia nimekojoa barabarani.

"Ulinieleza nisitoe?"

"Imeandikwa."

"Mimi sikununua maandishi, nilinunua kwako. Nilikueleza nitabeba deni. Nilikueleza sisafiri. Ulinisikia au hukunisikia?"

Akasema yuko na mteja. Akakata.

Nilikaa nikiangalia cherehani. Nilitamani kumng'ata mtu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mume wangu anasema nisikuze mambo. "Ni riba tu. Kila mtu analipa riba." Nikamwambia kila mtu halipi riba ya dhahabu kwa kitambaa cha shati. Akasema ninaongea kama naimba. Akatoka kwenda kuangalia pampu ambayo, kwa mvua hii, hakuna anayeihitaji.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nitaandika sana, nesi atanisamehe.

Tulikula chakula cha mchana kwa mama mkwe, kama kila Jumapili. Tulikuwa mezani mama mkwe, mume wangu, wifi, mjomba wao na mkewe, na mimi. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nimevaa kanga zangu nzuri, nimepika wali mimi mwenyewe, nimeubeba mpaka pale.

Mama mkwe alinituma kabatini kuchukua vikombe. Lile kabati lina mlango uliovimba kwa unyevu, haufunguki. "Tumia hiyo kadi hapo juu," akasema, "penyeza, halafu kwanyua." Nikaichukua. Ilikuwa ya dhahabu. Jina lake limechongwa juu yake kwa herufi kubwa.

Nikarudi nayo mezani, vikombe nimesahau.

"Mama, hii ya nini?"

"Ya benki. Watoto walinipa. Sijui ni ya nini, lakini ni ngumu, haipindi."

Mjomba akacheka, akasema naye anayo. Mkewe naye anayo. Mjomba alisimamia maghala maisha yake yote na sasa amestaafu, miguu inamsumbua, choo cha nje anakwenda kwa kushikiliwa. Naye amewekewa chumba cha heshima uwanja wa ndege.

"Na ada ya mwaka inakatwa wapi?" nikauliza. Hakuna aliyejua. Mama mkwe akasema kweli mwezi ule pensheni ilikuja pungufu, akadhani ni serikali.

Basi hapo mori ulinipanda. Nilimgeukia wifi, nikamwambia mbele ya wote kwamba mtu anayemwuzia mama yake mzazi kitu asichokihitaji, tena kwa pensheni, hana tofauti na mwizi wa sokoni, ila mwizi wa sokoni havai visigino. Nikamwambia amezunguka ukoo mzima akituchuna kama kuku. Nikasema mengine pia.

Wifi alikuwa anakata nyama vipande vidogo sana na hali hata kimoja.

Mume wangu ndiye aliyesimama. "Humvunjii dada yangu heshima nyumbani kwa mama yake. Mwombe radhi."

"Nimwombe nini?"

"Radhi. Sasa hivi. Au tuondoke na usirudi hapa."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameinamia sahani, uso umemsinyaa, sikujua ni kwa hasira na mimi au kwa aibu. Mjomba akasema, "Mwanangu, maliza tu, tule." Nikameza. Nikasema, "Wifi, nisamehe." Maneno mawili.

Wifi akasema, "Hakuna neno," akanyanyuka kwenda uani. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kwenye mvua, si chini ya paa. Nikajiambia anajifanya.

Mume wangu aliendelea kula. Aliongeza mchuzi.

Jumatatu, 15 Aprili

Hatusemezani. Nimempikia, sijampakulia.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nilikwenda benki kumwaibisha wifi. Naandika kama ilivyokuwa: niliamka nimedhamiria. Sare zimefika nusu, nikamwachia Bi Vifungo marinda, nikachukua mwavuli. Njiani nilikuwa napanga maneno, nayapiga pasi.

Kulikuwa na foleni ndefu mpaka mlangoni, watu wamelowa, sakafu imetandikwa maboksi. Dawati la kadi liko mbele, upande wa kioo. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake. Wenzake wawili wa madawati ya jirani wamekaa. Yeye kasimama, kiti chake kimesukumwa ukutani.

Nikadhani anatafuta kitu. Dakika zikapita, bado kasimama, anaandika akiwa ameinama, akiupumzisha mguu mmoja kisha mwingine ndani ya visigino vile. Mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Wale wasiouza hawakai. Wiki iliyopita alikuwa yule mwingine."

Kisha akatokea msimamizi wao, kijana mwenye tai nyembamba kama kamba ya kiatu. Hakushusha sauti. "Mpaka saa hizi sifuri? Mama yako umeshamaliza, mjomba umeshamaliza, sasa nani? Au tukuletee majirani?" Akacheka, akatuangalia sisi wa foleni ili tucheke naye. Wifi alitabasamu.

Nilikuwa nimebeba hasira ya kilo hamsini na sikuwa na mahali pa kuitua. Aliyestahili kuaibishwa, ameshaaibishwa na mtu mwingine, tena kwa sababu mbaya kuliko yangu. Lakini sikurudi nyumbani. Zamu yangu ilipofika nikakaa kwenye kiti cha mteja.

"Karibu," akasema, kisha akaniona. "Wifi, nakuomba. Si hapa."

"Nimekuja kuchagua kadi."

"Unayo."

"Ile ulichagua wewe. Leo nachagua mimi. Niulize maswali anayotakiwa kuulizwa mteja."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kama nitampiga. Kisha akauliza, polepole, "Unanunulia nini?"

"Vitambaa."

"Utalipa deni lote kila mwisho wa mwezi, au utalibeba?"

"Nitalibeba mpaka shule ilipe."

"Unasafiri?"

"Kutoka nyumbani mpaka karakana."

Mtu mmoja nyuma yangu akaguna kwa kicheko. Wifi akaendelea, na sauti yake ikawa inabadilika, inakuwa kama ya mtu anayejua kazi yake. "Basi usitazame pointi. Pointi ni za mtu anayemaliza deni lake kila mwezi. Wewe unayebeba, kitu cha kwanza kutazama ni riba, cha pili ada ya mwaka. Inayokufaa ni ya buluu. Haina ada. Riba yake ndogo. Deni la dhahabu tunaweza kulihamishia kule."

Yule Tai akafika. "Mama ana kadi ya dhahabu tayari, naona. Hongera. Kushuka daraja si vizuri, utapoteza marupurupu."

Sikumjibu yeye. Nikamwambia wifi, "Mweleze riba ya pesa taslimu inaanza lini."

Wifi alimtazama Tai, akatazama kile kiti ukutani. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Inaanza siku ileile unayotoa. Hakuna siku za kusubiriwa. Na kuna ada juu yake. Kadi ya mkopo si ya kutolea pesa, ya rangi yoyote. Ya dhahabu ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Hatuwaambii kwa sababu hamuulizi, na mkiuliza tunawaambia ukurasa wa tisa."

"Inatosha," akasema Tai.

Mzee mmoja aliyeshika mwavuli uliovunjika akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Na mimi ninayelipa yote kila mwezi?"

"Wewe, mzee, riba haikuhusu. Kama unasafiri, dhahabu inakufaa, itajilipa ada yake. Kama husafiri chukua ya fedha, inakurudishia kidogo kwenye manunuzi."

"Mimi nalipa kile kiwango cha chini tu," akasema mwanamke mwenye sare za hospitali. "Si ndivyo walivyosema?"

"Dada, ongeza hata kidogo. Kile cha chini kimewekwa ili usimalize."

Watu walikuwa wanatoa kadi zao kwenye pochi wanazitazama. Tai alimshika wifi kiwiko. Wifi akakitoa, akanipa fomu ya buluu, akanionyesha kwa kidole pa kutia sahihi. "Hii hainihesabii chochote," akaniambia kwa sauti ndogo, mimi tu nisikie. "Ni ya dhahabu tu inayohesabika."

"Najua," nikasema. Sikujua. Nilijua leo.

Jumamosi, 20 Aprili

Amefukuzwa. Mume wangu kaleta habari hiyo kama mtu anayeleta jeneza.

"Umeridhika? Umemfukuzisha kazi dada yangu."

Nikamwambia aliyemfukuza ana tai nyembamba, aende akamwulize yeye. Akasema nina moyo wa mawe. Akahamia kulala sebuleni. Naona mto wangu wa manyoya ameuchukua. Wangu, si wake.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua, marinda, mvua.

Jumatatu, 29 Aprili

Tumepeleka mzigo wa kwanza na wa pili. Mhasibu alihesabu suruali akilinganisha miguu, moja baada ya nyingine. Zimebaki mashati, na hayana vifungo.

Ijumaa, 3 Mei

Wifi kaja karakanani leo. Kavaa ndala. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, akasema hawezi kukaa nyumbani kutazamwa na mama yake. Sikumkaribisha wala sikumfukuza. Bi Vifungo, ambaye hajui kununa, akampa sindano na rundo la mashati.

Hajui kushona vifungo. Vyake vilikaa kama meno ya mtoto, kimoja huku kimoja kule. Nilifumua vitatu, nikamrudishia. Alishona tena bila kulalamika. Tulikaa hivyo mpaka Bi Vifungo akaenda kununua uzi.

Nikamwambia, "Bado nina hasira na wewe. Ya ile kadi ya mama zaidi ya hii yangu."

"Unayo haki."

"Ulikuwa umeshika ya buluu. Nilikuona. Mkono ulikuwa juu yake."

Akaacha kushona.

"Nilikuwa nimekusudia kukupa ya buluu," akasema. "Zile fomu nyingine nilizibeba tu. Lakini kaka alikuwa amenipigia asubuhi ile. Nilikuwa nimemlilia juzi yake kwamba nimebakiza mtu mmoja, nikimkosa narudi kusimama. Akasema, mpe ya dhahabu. Nikamwambia, kaka, anabeba deni, itamla. Akasema, mpe tu, yule anajua kuhangaika, atailipa."

Nilimwambia arudie. Akarudia, neno kwa neno, akilia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye shati la mtoto wa watu. Nilimwondolea lile shati.

"Kwa nini hukusema pale mezani? Nilikutukana ukanyamaza."

"Ningesema nini, wifi? Yeye ndiye aliyekuwa ananitetea."

Yule anajua kuhangaika. Naandika hapa nikiwa karakanani, sijarudi nyumbani. Mwaka mzima niliompa chakula wakati pampu hazina kazi, usiku nilioshona gauni za harusi za watu ili watoto walipiwe bweni, yeye alikuwa amekaa anatazama na kuhesabu: huyu anaweza kubebeshwa. Akakaa mezani pangu akainua nyusi. Akanisimamisha kwa mama yake nimwombe radhi mtu ambaye yeye mwenyewe alimtuma. Akaongeza mchuzi.

Jumamosi, 4 Mei

Nilimkuta barazani amefungua pampu, vipande vyote kwenye gazeti.

"Ulijua kadi ya dhahabu itanila?"

Hakuuliza nani kaniambia. Alifuta mikono. "Alisema itakuwa ghali kidogo."

"Alisema itanila."

"Alikuwa anasimamishwa, mama watoto. Dada yangu mdogo, anasimamishwa mbele za watu kama mtoto wa shule. Ungefanyaje?"

"Ningemwambia mke wangu. Ningesema, dada ana shida, tubebe pamoja. Labda ningekubali. Hilo hukuwaza, kwamba ningekubali?"

Alitazama pampu. Akasema hakutaka kunibembeleza. Akasema alijua nitaweza. Alilisema kama sifa, na hapo nilijua kwamba haelewi kabisa, na kwamba nikianza kupiga kelele ataokoka, kwa sababu atazungumzia kelele.

Kwa hiyo sikupiga kelele. Nikamwambia, "Si kesho, Jumapili ya wiki ijayo utasema. Mezani kwa mama. Mbele ya walewale."

"Mambo ya mke na mume hayasemwi mezani."

"Radhi yangu ilisemwa wapi?"

Akakunja gazeti na vipande vyake ndani, vikachanganyika vyote.

Jumatano, 8 Mei

Shule imelipa. Nimekwenda moja kwa moja kufuta deni la kadi ya buluu, lote. Nimemlipa Bi Vifungo, na wifi vifungo vyake, hata vile vibaya. Kilichobaki ni kidogo kuliko nilivyopanga, na najua kilikokwenda. Nimempeleka mama mkwe naye afunge kadi yake. Yule Tai alimwuliza kama ana uhakika. Mama mkwe akamwambia anataka kisu cha kufungulia kabati, atanunua dukani.

Alhamisi, 9 Mei

Mume wangu ameuliza kama bado naitaka ile Jumapili. Nikasema ndiyo. Akauliza kama itatosha akimwambia mama peke yake. Nikasema hapana.

Jumapili, 12 Mei

Alisema. Sikutegemea, nilidhani ataumwa tumbo.

Alisubiri mpaka mjomba amekaa na mkewe amekaa. Wifi alikuwa pembeni yangu, safari hii upande wangu wa meza. Mume wangu alianza kwa kuzunguka, mara hali ya uchumi, mara mabenki siku hizi. Mjomba akamwuliza anahutubia nani. Ndipo akasema, huku akitazama chumvi, kwamba kadi ya mke wake ni yeye aliyeichagua, si dada yake. Kwamba dada yake alimwonya. Na kwamba siku ile aliponisimamisha niombe radhi alikuwa anayajua yote hayo.

Mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Na yangu?"

Mume wangu akaisogeza ile chumvi.

"Nakuuliza wewe. Mtoto wa kike alikuja na makaratasi, nikamwambia macho hayaoni. Wewe ndiye uliyenishikia mkono nikaweka sahihi. Ukasema, Mama, hii haikatwi kitu, ni heshima tu. Ulijua?"

"Nilijua kuna ada kidogo, Mama."

"Mimi nimemnunia huyu dada yako mwezi mzima ndani ya nyumba hii," mama mkwe akasema, taratibu kabisa. "Mwezi mzima simwambii hata lala salama. Wewe unakuja kula, unaona, unaondoka."

Wifi alinishika mkono chini ya meza. Nilimwachia aushike. Sijamaliza naye, lakini nilimwachia.

Mume wangu akanigeukia. Macho mekundu. Akasema, "Mke wangu, nisamehe," na kila mtu akanitazama mimi, mjomba ameshainua kijiko tayari, wanangoja niseme hakuna neno ili chakula kiendelee.

Nikasema, "Nimekusikia."

Basi. Hakuna aliyejua la kufanya na jibu hilo. Mjomba alikirudisha kijiko chini. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Mama mkwe akachukua upawa, akanipakulia mimi wa kwanza, akamruka mwanawe, akampakulia wifi.

Tumerudi nyumbani kwa miguu, mwavuli mmoja, yeye akilowa upande wake. Kufika mlangoni akauliza alale wapi. Nikamwambia popote, ila mto wangu aurudishe.

Bado nina hasira naye. Sijui itaisha lini na sitajilazimisha iishe. Tofauti ni kwamba sasa naye anajua ni ya nini.